Mashine katika banda la farasi: zinaweza nini, na wapi saisi, mtunza farasi, bado hana mbadala

Farasi jike hubeba mimba kwa siku 340 hivi, pengine akapunguza au kuzidisha wiki mbili tatu, lakini mtoto mwenyewe hutoka ndani ya dakika 20 hadi 30 tangu chupa ya maji ipasuke. Tena wengi huzaa usiku wa manane, banda likiwa kimya na watu wamelala. Jambo likienda kombo katika dakika hizo, daktari wa mifugo aliye mjini hana muda wa kufika. Kwa hiyo anayetaka kuelewa mashine zitabadilisha nini katika utunzaji wa farasi aanzie hapo. Kazi inayoangusha mabanda mengi ni kukesha, wala si kubeba mizigo au kufagia, na mashine humshinda binadamu kwa mbali katika kukesha.

Neno roboti huwapa watu picha ya mkono wa chuma unaomchana farasi singa na kumwosha kwato. Vitu vilivyokwisha kuingia mabandani ni vidogo zaidi kuliko hivyo: kihisi kwenye mkanda, kamera ukutani, saa inayofungua vali, mota inayozungusha parafujo (skrubu) ya kuteremsha chakula. Vingi bei yake inavumilika. Ugumu uko katika kujua kila kimoja kinaona nini na wapi hakioni.

Usiku wa kuzaa

Kengele za kutahadharisha uzazi ni za aina tatu, na kila moja hukosea kwa namna yake.

Ya kwanza hutumia sumaku. Daktari hushona kifaa kidogo cha kurusha mawimbi ya redio kwenye mdomo mmoja wa uke na sumaku yake kwenye mdomo wa pili, kama wiki moja kabla ya siku inayotarajiwa. Miguu ya mbele ya mtoto inapotokeza na kuitanua midomo hiyo, sumaku huchomoka, kifaa hurusha ishara, na kipokezi kilichoko ndani ya nyumba hulia au kupiga simu. Kengele hii mara chache hulia ovyo. Lakini mtoto akiwa amelala vibaya tumboni, kwa mfano akija kwa matako, hakuna kinachotokeza, midomo haitanuki na kifaa hukaa kimya huku mama akisukuma bure. Uzazi wa namna hiyo ndio unaohitaji watu haraka kuliko wote. Isitoshe, kengele ikilia mtoto yuko mlangoni tayari, kwa hiyo msaidizi lazima alale mwendo wa dakika chache kutoka bandani.

Aina ya pili ni kihisi kinachofungwa kwenye hatamu au kwenye mkanda wa kifuani, kikipima mkao wa mwili. Farasi akilala ubavu kabisa kwa muda uliowekwa, au akilala na kuinuka mara kwa mara, kengele hulia. Shida ni kwamba farasi hulala ubavu pia akiwa na usingizi wake wa kawaida. Saisi akiamshwa mara tatu bure usiku wa kwanza na mara nne usiku wa pili, usiku wa tatu atazima kipokezi, na hapo ndipo mtoto hufa. Dawa yake ni kukifunga kifaa wiki mbili kabla, kuona jike huyo hulala vipi kila usiku, kisha kurekebisha muda wa kusubiri kulingana na tabia yake. Wapo pia majike wanaozaa wakiwa wamesimama, na kwao kifaa hiki hakitasema lolote.

Ya tatu ni kamera yenye programu ya akili mnemba iliyofundishwa kutambua mwenendo wa jike aliyekaribia: kuzunguka chumba, kugeuka kutazama ubavu, kuinua mkia, kulala na kuamka. Haimgusi mnyama na inaweza kutahadharisha kabla chupa haijapasuka, jambo ambalo sumaku haiwezi. Iwekwe mita tatu juu ya sakafu, kwenye kona inayoonyesha chumba kizima, maana jike hupenda kulala kwenye kona ile ile ambayo kamera haiifikii. Uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi hung'aa usiku kwa taa yake ya infraredi hadi picha yote huwa nyeupe. Futa lenzi kila jioni, kwa sababu vumbi la maranda nalo hufanya hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu hakuna kengele hata moja inayofaa kutumika peke yake, na kinachoikamilisha hakihitaji umeme. Kuanzia siku ya 320 kamua matone machache ya maziwa kila jioni, uyapime kwa karatasi ya pH. Mwanzoni husoma 7 au zaidi. Yakishuka hadi 6.4 au chini yake, uzazi uko karibu sana, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Hapo ndipo usiku wa kuvaa nguo na kulala karibu na banda unapoanza, na hapo ndipo kengele inapopata maana.

Ikilia, mtu anayefika anatazama mambo machache kwa haraka. Ngozi inayotokeza iwe nyeupe yenye kupitisha mwanga. Ikiwa ni nyekundu yenye manyoya kama mahameli, kondo limeachia mapema na mtoto anakosa hewa: ichane papo hapo, umvute mtoto mama anaposukuma, usisubiri simu ya mtu yeyote. Miguu miwili ya mbele itangulie, mmoja ukiuacha mwingine kidogo, nyayo za kwato zikitazama chini, na pua ikilala juu ya magoti. Dakika 10 zikipita tangu maji yamwagike bila chochote kutokeza, daktari apigiwe. Baada ya hapo mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, na kondo lote litoke ndani ya saa tatu.

Kunyonya huko si hiari. Kondo la farasi halipitishi kinga kutoka kwa mama, hivyo mtoto huzaliwa hana silaha yoyote dhidi ya magonjwa. Kinga yote imo katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake huipokea kwa saa 24 za mwanzo tu, tena uwezo huo hupungua kila saa. Kihisi cha shingoni kinaweza kuhesabu mara alizosimama. Kujua kama kinga imeingia kunahitaji damu: ipimwe akifikisha saa 18 hadi 24, kiwango cha kingamwili kikifika gramu 8 kwa lita ni salama, kikiwa chini ya gramu 4 kinga haikupita na daktari atamwongezea plazima.

Chakula kidogo kidogo, mara nyingi

Tumbo la farasi ni dogo kuliko umbo lake linavyodanganya, lita 8 hadi 15 tu, na hutoa asidi mchana na usiku hata kama hakuna kinachosagwa. Porini hula karibu saa 16 kwa siku. Bandani hupewa asubuhi na jioni kwa sababu saisi ana mikono miwili na nyumba ya kurudi. Ratiba hiyo ya kibinadamu ndiyo chanzo kimojawapo cha vidonda vya tumbo na koliki (maumivu makali ya tumbo), na mashine ya kulisha inairekebisha vizuri kuliko inavyorekebisha kitu kingine chochote bandani.

Mashine ya nafaka ni tangi lenye parafujo inayozungushwa na mota kwa sekunde zilizowekwa. Inagawa kwa muda, haijui uzito. Lita moja ya oti ni kama nusu kilo, na lita moja ya mahindi hukaribia robo tatu ya kilo. Ukibadilisha chakula bila kuipima upya, umemwongezea farasi nusu ya mgao wake bila kujua. Kila gunia jipya, acha parafujo izunguke sekunde 60 ndani ya ndoo, pima kwa mizani, gawanya, kisha andika namba hiyo kwenye mashine.

Kipimo cha kukumbuka ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili kwa mlo mmoja. Farasi wa kilo 500 asizidishe gramu 500 za wanga kwa mkupuo. Mahindi ni wanga kwa karibu asilimia 70, kwa hiyo mlo wake haupiti gramu 700. Mtu hushawishika kumimina kilo mbili ili amalize kazi, na wanga uliobaki hufika utumbo mpana, huchacha, asidi huua bakteria wazuri, na sumu zake zinaweza kuishia kwenye kwato kama laminaitisi, uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Mashine haichoki kugawa milo sita. Lakini gawio kubwa libaki kuwa majani: kilo 7.5 hadi 10 za majani makavu kwa siku kwa farasi huyo huyo, nayo hutolewa kwa visanduku vyenye mlango wa saa au kwa wavu unaoteremshwa na mota.

Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, unyevu ndio adui wa tangi. Nafaka hushikana na kujenga daraja juu ya parafujo. Mota inazunguka, simu inasema mlo umetolewa, na sanduku ni tupu. Usiamini ripoti ya mota. Weka kihisi cha uzito chini ya sanduku, au mtu apite atazame. Tangi limalizwe na kufagiliwa kila wiki, kwa sababu punje zilizoota ukungu pembeni huanguka zote siku moja.

Ujerumani wameenda mbali zaidi na mabanda ya kundi. Farasi 20 au 30 huishi pamoja, kila mmoja amevaa kitambulisho cha redio, na vituo vya kulia humtambua anayeingia, humpa mgao wake, kisha humfungulia njia ya mbele atoke. Maji yako upande mmoja, majani upande mwingine, hivyo mnyama hutembea siku nzima kutafuta haki yake. Kituo kinachomlazimisha farasi kurudi kinyumenyume hakifai, kwa sababu mbabe wa kundi atamngoja mlangoni na kumuuma. Farasi mgeni afundishwe kwa kushikwa hatamu siku kadhaa kabla ya kuachiwa peke yake.

Maji hayapewi heshima yake katika mijadala hii. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 30 katika hali ya hewa ya baridi, na huweza kufikisha maradufu kwenye joto au kazi. Mita ndogo kwenye bomba la chombo cha kunywea hugharimu kidogo sana, na kupungua kwa unywaji mara nyingi huonekana mapema, kabla mnyama hajaanza kujigaragaza kwa utumbo ulioziba. Fedha ikitosha kununua kihisi kimoja tu, ningenunua hicho.

Miguu na picha

Farasi anayechechemea kidogo humdanganya hata daktari mzoefu, kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kukamata tofauti ndogo kati ya hatua moja na nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, Kevin Keegan na wenzake walitengeneza mfumo wa vihisi vitatu: kimoja kichwani, kimoja juu ya nyonga, kimoja kwenye mguu wa mbele wa kulia. Vinapima mara 200 kwa sekunde huku farasi akikimbizwa polepole kwenye mstari ulionyooka, angalau hatua 25. Tofauti ya kupanda na kushuka kwa kichwa ikizidi milimita 6, au ya nyonga ikizidi milimita 3, kuna jambo la kuchunguza. Kampuni ya Sweden iitwayo Sleip imefika karibu na hapo kwa kamera ya simu peke yake.

Namba hizo hupima kutolingana kwa mwendo, hazipimi maumivu. Farasi anaweza kuwa hivyo tangu azaliwe na asiumwe popote. Anayeumwa miguu yote miwili ya mbele anaweza kusoma sawa kabisa. Sakafu ya mchanga mzito, kona, au saisi anayevuta kamba kwa nguvu huharibu kipimo chote. Mahali pa kidonda bado hutafutwa kwa sindano ya ganzi, mshipa wa fahamu mmoja baada ya mwingine kuanzia chini.

Roboti halisi, yenye mikono, imepata kazi yake katika kupiga picha. Kumlaza farasi kwa dawa ya usingizi ni hatari. Karibu mmoja kati ya mia hafi kwa ugonjwa wake, hufa kwa usingizi wenyewe au kwa kuvunjika mguu anapojaribu kuinuka. Hospitali ya New Bolton Center ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilifunga mikono ya roboti, jamaa ya ile ya viwanda vya magari, iliyoundwa kumzunguka farasi aliyesimama macho akiwa ametulizwa kidogo tu, na kufuata anavyoyumba. Katika uwanja wa Santa Anita, California, baada ya vifo vingi vya farasi wa mbio vya mwaka 2019, mashine ya PET (inayopiga picha kwa kufuata dawa yenye mnururisho iliyodungwa mwilini) ya kupiga picha ya kifundo cha farasi aliyesimama ilianza kazi mwezi Desemba mwaka huo huo. Huonyesha mfupa unaojeruhika kabla haujapasuka.

Uzalishaji

Wafugaji wa ng'ombe wamezoea vihisi vya kujua joto, yaani wakati jike yuko tayari kupandwa, na wengine hudhani vitahamia kwa farasi bila shida. Haviwezi. Ng'ombe aliye kwenye joto hupandwa na wenzake na hutembea mno, na hayo ni rahisi kuyahesabu. Farasi jike akiwa peke yake bandani huenda asionyeshe kitu mpaka aletewe dume wa kumjaribu. Na joto lake huchukua siku 5 hadi 7 katika mzunguko wa siku 21, yai likitoka mwishoni, kwa hiyo kujua tu kwamba yuko kwenye joto hakutoshi. Daktari hupima kifuko cha yai kwa ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa. Kikifika milimita 35 na mfuko wa uzazi ukiwa umevimba ipasavyo, hudunga homoni ya kulitoa yai, nalo hutoka baada ya saa 36 hivi. Akitumia mbegu za dume zilizogandishwa hupima kila baada ya saa 6. Hapo mkono wa roboti haujakaribia, na sababu ni nyepesi: ukuta wa utumbo huo ukichanika, farasi mara nyingi hufa.

Mwanga ni habari nyingine. Majike wa nchi za kaskazini husimamisha mzunguko wakati wa baridi. Taa zinazowashwa na saa hadi wapate mwanga wa saa 16 kwa siku, kuanzia mapema Desemba, kwa siku 60 hadi 75, huwaamsha mapema. Kipimo cha mwanga ni kama lux 100 katika kila pembe ya chumba. Umeme ukikatika jioni kadhaa mfululizo, kazi ya wiki nyingi hupotea. Karibu na ikweta, Nairobi kwa mfano, mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima na majike wengi huendelea na mzunguko, hivyo anayeuziwa taa hizo huko ananunua suluhisho la tatizo la wenzake.

Maabara ndiko otomatiki ilikokita mizizi. Kompyuta iliyounganishwa na hadubini hufuata mbegu za dume mojamoja na kusema ni ngapi zinakwenda mbele sawasawa, kazi ambayo mafundi wawili wakiifanya kwa macho hawakubaliani. Hudanganywa na mambo mawili hasa. Kioo kikiwa chini ya nyuzi 37, mbegu nzima huonekana dhaifu. Na kimiminika cha kuzihifadhi kikiwa cha maziwa, vitone vya mafuta huhesabiwa kama mbegu zilizokufa. Dozi ya mbegu za kupozwa huanzia mbegu bilioni 1 zenye mwendo, zikishushwa taratibu hadi nyuzi 5, kwa uangalifu wa pekee kati ya nyuzi 20 na 8, ambapo baridi ya ghafla hupasua ngozi ya mbegu.

Hatua inayofuata ni yai lenyewe. Kwa muda mrefu mbegu za farasi zilikataa kuingia yai kwenye sahani ya maabara, ndiyo maana fundi hudunga mbegu moja ndani ya yai kwa sindano ya kioo. Mwaka 2022 Katrin Hinrichs na wenzake wa Pennsylvania walieleza njia inayorudiwa na kufaulu bila sindano, baada ya kuziandaa mbegu kwa saa 22. Kwa binadamu, watoto waliotungwa kwa sindano iliyoongozwa na roboti walitangazwa mwaka 2023. Naamini farasi watafuata, kwa sababu mafundi wenye mkono huo ni wachache duniani na yai moja la jike bingwa ni ghali. Hata hivyo yote haya hayamgusi farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, awe Kentucky au Ngong. Vitabu vya ukoo wao humkubali mtoto wa dume aliyempanda jike kwa mwili tu.

Umeme, usubi na toroli

Mfano wa roboti iliyoingia michezo ya wanyama kwa wingi uko Ghuba, kwa ngamia. Kuanzia mwaka 2005 Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu waliwaondoa watoto waliokuwa wakipanda ngamia wa mbio, wakaweka roboti zinazoongozwa kwa rimoti kutoka kwenye gari linalokimbia pembeni. Za mwanzo zilikuwa nzito, zikapunguzwa hadi kilo chache, zikapewa spika ya kupitishia sauti ya mwenye ngamia. Zilifaulu kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa fupi: kuchapa, kupiga kelele, kutokuwa mzito.

Kusafisha banda ni kazi ndefu isiyo na mpaka. Farasi mmoja hutoa kilo 20 na zaidi za kinyesi na mkojo kwa siku, vikichanganyika na maranda ambayo mengi bado ni masafi. Roboti za mazizi ya ng'ombe husukuma samadi kwenye sakafu tupu, na ng'ombe huzikwepa kwa utulivu. Farasi ameumbwa kukimbia kitu kigeni kinachotembea nyuma yake, na asipokuwa na pa kukimbilia hupiga teke lenye kiatu cha chuma. Vinavyofaa ni reli ya juu ya kusambaza majani na mkanda wa kupeleka samadi nje baada ya mtu kuichota. Uma na toroli havijapata mrithi.

Afrika Mashariki ina kazi yake mahususi kwa mashine. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi jua linapozama na linapochomoza, na kwa farasi asiye na kinga huua wengi wa wanaoupata. Chanjo ndiyo ngao ya kwanza. Lakini saa rahisi inayowasha feni kabla ya magharibi husaidia, kwa kuwa usubi ni mrukaji dhaifu na upepo wa mita 3 kwa sekunde humtosha. Nayo milango ya banda inayojifunga yenyewe saa hizo lazima ifunguke kwa mkono kutoka nje umeme ukikatika, la sivyo moto ukizuka bandani umewafungia ndani.

Kwa hesabu ya umeme, kamera ya wati 5 na ruta ya wati 10 kwa saa 12 za usiku hutumia wati-saa 180. Betri ya risasi ya volti 12 isishushwe chini ya nusu, hivyo ya ampea-saa 50 inatoa wati-saa 300 za kutumia na kuacha akiba ya wati-saa 120, isiyotosha usiku wa pili mzima. King'ora kiunganishwe na kihisi kwa waya, kilie bandani na chumbani kwa saisi hata kama mtandao wa simu umelala. Kila jioni saa 12, mtu mmoja aichokoze kengele makusudi, asubiri ilie mahali pote panapotakiwa, kisha aandike jina lake na saa kwenye daftari lililoning'inizwa mlangoni.